Chumba cha Upande wa Nyuma

6 Novemba

Mume wangu kipenzi,

Barua hii ikukute mzima, umeshiba, na hujaoa mke wa pili. Huku hatujambo. Mama yako hajambo, ila sauti imemkauka kwa kugombana na fundi bomba. Mimi mkeo magoti yanalia nikipanda ngazi, lakini meno machache niliyobakiwa nayo yanatafuna kama kawaida. Chumvi, mpishi wetu, bado analistahili jina lake. Juzi mgeni mmoja alimwita mezani akamwuliza kama ule mchuzi kaukoroga au kauchota baharini.

Sasa kilichonikalisha kitako ni hiki. Msimu umekaribia. Shule zikifunga tu, watu watapanda huku mlimani na watoto wao kutafuta hewa ya baridi, na wakishaipata wataanza kudai mablanketi. Tumetoa magodoro yote uani yapigwe jua. Mama yako kaipaka korido ya gesti rangi ya kijani. Nilimwambia inafanana na zahanati, akaninunia mpaka jioni. Mashuka mapya hayatoshi, kwa hiyo ya zamani nimeyachana katikati pale yalipochakaa, nikaunganisha kingo kwa kingo. Mgeni akilala atausikia mshono mgongoni, lakini shuka ni shuka.

Watu wameanza kuandika kuomba nafasi. Mama yako anapanga, anapangua, huyu na watoto wake huku, yule na mkewe kule. Chumba chako tu ndicho hakigusi. Nilimwambia tukiongeza kitanda kimoja mle tunalaza familia nzima. Alinitazama kama nimemwambia auze figo.

"Mwanangu akija alale wapi? Juu ya kaunta?"

"Mwaka jana alisema anakuja. Akaja?"

"Mwaka huu anakuja."

Basi nijibu wewe mwenyewe, maana mimi nimechoka kuwa wakili wako. Unakuja au huji?

Mkeo asiyezeeka,
Bibi

22 Novemba

Bibi, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Mke ni mke, lakini shikamoo yako haipotei. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha vumbi la magadi kimepungua tangu wanitoe kwenye mapipa na kunipeleka kwenye mashine ya kukata miche ya sabuni. Mikono yangu sasa ni safi kuliko ya daktari. Nimewatumia mzigo wa vipande vilivyokatika vibaya, ambavyo kiwanda hakiviuzi, vigaweni vyumbani. Vile vya waridi msimpe Chumvi, atavitia kwenye mchuzi.

Mwambie Mama nakuja. Nimeomba likizo, msimamizi ameguna, na kuguna kwake huwa ndiyo kukubali. Nitashuka basi kabla wageni hawajawa wengi. Nitabeba mizigo, nitapokea watu, nitapasua kuni, nitafanya yote mtakayonituma, ilimradi nilale kitandani kwangu mpaka mwenyewe nichoke kulala.

Kuna mtu huku ningependa siku moja mwonane. Ila hayo tuyaache kwanza, mke mkubwa asije akadai talaka.

Mumeo

13 Desemba

Bibi,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima na magoti yametulia. Mimi sijambo.

Naandika kwa haraka. Likizo imekataliwa. Kuna mashine imeharibika na tumeambiwa tubaki wote. Najua Mama ataumia. Nimejaribu kumwandikia yeye mwenyewe, kila nikianza nachana. Mwambie wewe kwa huo ulimi wako mtamu. Na mwambie asikiweke chumba changu bure wakati watu wanahangaika kutafuta pa kulala. Akipangishe. Mimi nipo tu, nitakuja wakati mwingine.

Avae soksi, baridi ya huko naijua.

Mumeo

11 Januari

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Unisamehe kwa kukawia, mkono umekuwa mzito. Mvua haijakata. Chumvi anakusalimu. Sabuni zako zilifika, ahsante, zinanukia vizuri. Bado ziko kwenye boksi.

Mama yako kwa sasa hayupo hapa nyumbani. Ana shughuli mjini. Akirudi atakuandikia mwenyewe. Gesti tumeifunga kwa muda, kuna mambo ya kurekebisha. Wageni walikuja wengi, wakaondoka.

Kadi yako ya mwaka mpya ilifika. Picha nzuri ya ziwa. Muhuri wa posta niliusoma kwa miwani, nikausoma tena bila miwani. Kumbe kiwanda chenu kimefungua tawi huko ziwani? Usinijibu.

Ule vizuri.

Bibi yako

30 Januari

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Umeniita mjukuu wangu. Tangu nijue kusoma hujawahi kuniita hivyo kwenye barua. Hata nilipofeli mtihani uliniandikia "mume wangu mjinga". Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mama ana shughuli mjini? Mama ambaye akienda sokoni tu anaacha maagizo kama anakwenda vitani? Na gesti ikafungwa katikati ya msimu, wakati hata mwaka ule paa lilipovuja hamkufunga, mliwapa wageni ndoo mkawaambia ni za kuogea?

Nimepiga simu ya hapo gesti, inaita mpaka inakata. Nikampigia mwenye duka jirani. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza habari za kazi. Nilipomtaja Mama akasema, "Ngoja kidogo nimhudumie mteja," akaiweka simu mezani. Nikasikia mizani, nikasikia mtu anauliza mafuta ya taa. Hakurudi.

Niambie, Bibi. Anaumwa? Amenikasirikia? Kama ni hasira za kutokuja kwangu, nipe nizisome kwa macho yangu kuliko huku kubahatisha.

Mumeo

20 Februari

Mjukuu wangu,

Barua imefika. Hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua.

Nilitaka mama yako akueleze kwa kinywa chake. Naona itachukua muda. Tafuta pa kukaa.

Siku ile, mwishoni mwa Desemba, gesti ilikuwa imejaa mpaka watoto wanakimbizana kwenye korido na Chumvi amekosa pa kuweka sufuria. Alasiri mvua ikashuka kama mtu kafungua bomba akaenda zake. Ndipo wakaja mume na mke, watu wazima kidogo kuliko mama yako, wamelowa chapachapa. Mume alikuwa fundi saa. Walikuwa wanakwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza, basi likawaharibikia njiani, na kote walikopita wameambiwa pamejaa. Yule mke alitetemeka hata kikombe cha chai kikawa hakikai mkononi. Mama yako akasema, "Hawa siwarudishi mvuani. Hata angekuwa mbwa nisingemrudisha." Akawapa chumba cha upande wa nyuma.

Dirisha la chumba hicho upepo ulikuwa umevunja kioo, na fundi vioo alisema tumsubiri mpaka likizo ziishe. Chumvi alipigilia ubao, akaziba nyufa kwa matambara ili baridi isiingie. Mablanketi nayo yalikuwa yamekwisha. Basi mama yako akawasha jiko la mkaa uani, akaacha moto ukolee, akawapelekea wakaushe nguo na kupasha chumba joto. Nilikuwepo. Nilimsikia kwa masikio yangu haya: "Mkitaka kulala, litoeni nje ya mlango. Msilale nalo." Yule mume akasema, "Usijali dada, jiko nalijua." Akatania kwamba saa za mji mzima anazitengeneza yeye, ila ya basi imemshinda. Tukacheka.

Asubuhi Chumvi alipeleka chai. Akagonga. Akagonga tena. Walipousukuma mlango, mke alikuwa sakafuni karibu na kizingiti, anapumua kwa shida. Mume alikuwa kitandani, amejifunika vizuri, uso umetulia. Ni hewa ya mkaa, walisema. Haina harufu, inamchukua mtu kama usingizi.

Polisi wakaja. Nani kawapa chumba? Mama yako akasema, mimi. Nani kaziba dirisha? Mimi. Nani kaleta jiko? Mimi. Chumvi akafungua mdomo aseme ubao ni wake, mama yako akamkanyaga mguu. Wangemwuliza nani kaleta mvua angesema ni yeye. Nami nikawaambia niliyoyasikia. Wakaandika, halafu mmoja akasema, "Wewe ni mama yake mzazi, utasema nini kingine?" Wakamchukua akiwa bado na viatu vya uani. Yuko mahabusu tangu siku hiyo. Mke wa fundi saa yuko hospitali na bado hawezi kuhojiwa.

Wageni wote waliondoka kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyegomba. Walifunga mizigo kwa kunong'ona, wakaacha taulo chini na vitanda wazi. Baba mmoja alirudi kuchukua kiatu cha mtoto. Alinipita mlangoni kama anapita nguzo.

Usiache kazi ukaja mbio. Hakuna utakalobadilisha. Naye hataki mtu amwone kule.

Bibi yako

9 Machi

Bibi,

Shikamoo. Pole. Poleni.

Nimemwandikia Mama barua kule mahabusu, sijui kama zinamfikia.

Bibi, mimi nimezaliwa kwenye nyumba hiyo. Mbele kuna vyumba vya wageni. Ukitoka uani kuna jiko, stoo ya mashuka, na chumba chenu wewe na Mama. Upande wa nyuma hakuna chumba cha wageni. Kuna changu.

Ni mimi niliyesema akipangishe.

Msimamizi amenirudisha kwenye mapipa kwa sababu nilikata miche kombo siku nzima bila kuona. Sikumbishia. Kikohozi kimerudi, nami sigombani nacho.

Ungeniambia.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mume wangu,

Nakuita hivyo ujue kwamba sina kinyongo nawe. Ni kweli, ni chumba chako. Nilikuficha, na ningeendelea kukuficha kama usingerithi ile tabia ya marehemu baba yako ya kuchunguza kila ufa. Sasa nisikilize. Aliyesema kipangishwe ni wewe, aliyekubali ni mama yako, aliyeziba dirisha ni Chumvi, na huyo fundi vioo naye yuko kwake anakula vizuri. Tukianza kugawana hili jambo tutafika mpaka kwa aliyelitengeneza lile basi. Wala sikuulizi ulikuwa wapi likizo ile. Mama yako akikuuliza, ulikuwa kiwandani. Hilo tu nakuomba.

Mama yako ametoka. Mke wa fundi saa alipopata nguvu, aliomba mwenyewe apelekwe polisi. Aliwaeleza kwamba waliambiwa walitoe jiko, na kweli wakalitoa. Halafu mumewe akamwona bado anatetemeka, akalirudisha ndani. "Alisema dakika chache tu," ndivyo alivyowaambia. Wakafunga faili.

Alipokuwa njiani kurudi kwao alipita hapa, akaomba akione chumba. Nikamfungulia. Hakuingia. Alisimama mlangoni akaniuliza yale mashuka tuliyafanya nini. Nikamwambia tuliyafua. Akasema, "Yalikuwa na mshono katikati. Aliulalamikia, akasema wametulaza kwenye reli." Akacheka. Kisha nikamkalisha kwenye ngazi, tukakaa hapo wote wawili mpaka gari lake lilipokuja. Nilimpa zile sabuni zako, sijui kwa nini, ndizo zilizokuwa karibu.

Mama yako alifika kesho yake. Nilidhani akiingia nyumbani atalia, nikawa tayari na leso. Hakulia. Alipita chumba kwa chumba akafungua madirisha. Hayafungwi tena. Mvua ikiingia anaiacha iingie. Magodoro yaliyo karibu na dirisha yameanza kuota ukungu. Hajachanganyikiwa, usije ukadhani hivyo. Ukimwuliza anajua yote, anajua aliyekufa ni nani. Lakini akikaa kimya mawazo yanamvuta kwingine. Juzi tulikuwa tunachambua maharage, akaniuliza:

"Mama, tulimzika upande gani?"

"Nani?"

"Mwanangu. Si kilikuwa chumba chake?"

Nikamwambia wewe uko hai, uko kiwandani. Akasema, "Ndiyo, najua." Akachambua kidogo. Kisha akasema, "Angekuja, ningemwashia jiko lile lile. Anapenda joto, yule."

Njoo. Sikuiti ufungue gesti wala ubebe mizigo ya mtu. Njoo akushike.

Bibi

12 Mei

Bibi,

Shikamoo. Nimefika salama, basi halikusumbua. Natumaini umepumzika baada ya kunipikia kama jeshi.

Kituoni sikuweza kusema, kwa hiyo nakuandikia. Siku ile niliposhuka na kumwona Mama amesimama, nilimkimbilia kama mtoto. Hakunikumbatia. Alinishika mashavu, akaniminya masikio, akanusa shati langu. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasema, "Naona." Akaniuliza nimelala vipi. Siku zote nilizokaa, hilo ndilo alilonipa kila tulipokutana: umelala vipi? Nilikwenda na jibu langu tayari la kwa nini sikuja Desemba. Nililibeba siku zote hizo mdomoni kama jiwe, nikawa nasubiri aulize. Hakuuliza. Nimerudi nalo.

Unajua alivyokataa nisilale ndani, mkanilaza kwa mwenye duka na mlango wazi. Usilolijua ni kwamba kila asubuhi nilipoamka nilimkuta ameketi kizingitini, shali imelowa umande. Mwenye duka aliniomba nisikuambie. Asubuhi ya mwisho nilimwambia, "Mama, nenda ukapumzike, huoni mimi ni mzima?" Akanijibu taratibu, bila hasira, "Na yule alikuwa mzima."

Niliwaambia nimeitwa kazini mapema. Hakuna aliyeniita.

Yule mtu niliyetaka mwonane, usimngoje. Hana kosa. Ila kila nikimtazama naliona lile ziwa, na jinsi tulivyokuwa tunacheka.

Mjukuu wako

19 Agosti

Mjukuu wangu,

Salamu zikufikie popote ulipo ndani ya hicho kimya chako. Barua zangu za katikati hukuzijibu, nami sikudai. Nasikia kutoka kwa mwenye duka kwamba bado uko kwenye mapipa. Kohoa ukijua kuna mtu huku anakusikia.

Mimi magoti yamekataa kabisa sasa, nayaburuta tu. Chumvi ametuacha, amepata kazi kwenye kantini ya shule. Alipokuja kuaga alilia, mwanamume mzima na kofia yake mkononi, akasema ubao ule ni yeye aliyeupigilia na amechoka kunyamaza. Mama yako akamwambia, "Ulipigilia vizuri." Hata leo sijui kama alikuwa anamfariji.

Kibao cha nje tulikishusha tangu Juni. Yeye alishika ngazi, mimi nikapanda. Lakini watu wana mazoea. Shule zimefunga tena, na wanakuja. Wakikosa kibao wanagonga.

Jana alasiri walikuja mume na mke na watoto wao. Mvua ilikuwa inanyunya, na mdogo wao kabebwa begani, amelala, mdomo wazi. Milango ya vyumba ilikuwa wazi yote, ndivyo inavyokaa siku hizi, na vitanda vinaonekana vitupu mpaka mwisho wa korido. Nami kwa mazoea nikafungua mdomo niseme karibuni. Mama yako akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Pamejaa," akasema.

Yule baba akamtazama yeye, akatazama korido. "Mama, mbona tunaviona vyumba?"

"Pamejaa, baba. Nendeni."

"Hata kimoja tu? Watoto wamechoka."

"Pamejaa."

Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza. Yule mke ndiye aliyeelewa kwamba kuna jambo, akamvuta mumewe mkono, wakashuka ngazi. Nikachukua mwavuli nikawafuata, nikawapeleka kwa mwenye duka. Akawatandikia kwenye kile chumba ulicholala wewe.

Niliporudi nilimkuta amekaa kaunta, kwenye kiti chake cha kupokelea wageni, ambacho hajakikalia tangu arudi.

"Wamepata?"

"Wamepata."

"Wamewashiwa jiko?"

"Hapana. Wamepewa mablanketi."

Nikadhani yamekwisha. Nilipoinama kuvua viatu akasema, "Nenda ukawaangalie." Nikaenda, nikawakuta wanakula. Nikarudi nikamwambia wanakula vizuri, hata yule mdogo kaamka. "Nenda ukawaangalie." Nikamwambia, mwanangu, magoti yangu. Akainuka akatafuta shali aende mwenyewe. Nikafikiria wale watu watakavyoogopa wakimwona, nikamkalisha, nikaenda tena.

Leo asubuhi hata chai sijanywa, akanituma. Niliwakuta barazani, watoto wanagombea kiti kimoja, baba yao anafunga mizigo. Alinitazama kama anayejiuliza bibi huyu anatutakia nini. Nikajifanya nimekuja kununua kiberiti. Nilipogeuka kuondoka yule mke aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie tumelala salama." Kumbe alikuwa ameshaulizia habari zetu dukani.

Nikarudi mbio, kwa mbio zangu hizi. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni pale pale nilipomwacha.

"Wazima?"

"Wazima, mwanangu. Nimewaona kwa macho yangu. Na wamekusalimu."

Akaniangalia usoni muda mrefu, kama mimi ndiye mgeni na hajaamua kama atanipokea.

"Umewahesabu?"

Hii nakuandikia hapa dukani, kwenye mfuko wa sukari uliogeuzwa. Nimerudi kuwahesabu.

Bibi yako